Mzee kuamka usiku siyo gono!

Leo tunashuka huko chini, eneo ambalo wanaume tukitajiwa tunaangalia pembeni. Akina dada msifunge gazeti, maana kasheshe lenyewe mara nyingi linawaangukia nyie.

Huku kwetu Mgori, Singida, mwanaume akionekana anakwenda chooni kila saa, kijiwe kimeshampima na majibu kimeshatoa: kaukwaa! Hakuna darubini wala nini.

Kuna mzee mmoja jirani yetu, miaka sitini na ushee, mkulima wa alizeti. Alikuwa anaamka mara nne, tano kwa usiku. Akifika chooni anasimama weee, mkojo unagoma. Ukija unadondoka matone matone, na akirudi kitandani bado anahisi haujaisha. Mkewe akajumlisha habari ya choo na zile safari za mzee za kwenda mjini kuuza alizeti, akapata jibu lake. Akafunga mzigo, akarudi kwao.

Mzee kwa aibu hakwenda kupima. Angekaaje kwenye benchi moja na wakwe zake? Akawa anakunywa mizizi, mpaka usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Tumbo la chini limevimba, mtu mzima analia kama mtoto. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, hadi hospitali mjini Singida. Akawekewa mpira, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Vipimo vya magonjwa ya zinaa vikaja safi. Kilichombana ni tezi dume.

Hapa niweke sawa kitu kimoja. Watu wanasema "fulani ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo, hata wewe unayesoma hapo kwenye daladala. Ni kitezi kidogo kilicho chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Umri ukisogea, hasa kuanzia miaka 50, kinaanza kunenepa na kuubana ule mrija. Haiambukizwi kitandani, na haina uhusiano na umalaya. Ila saratani ya tezi dume nayo inaweza kuja na dalili hizo hizo, au isionyeshe dalili kabisa mwanzoni, kwa hiyo mzee lazima apimwe. Kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na kuna kidole. Ndiyo, kidole. Dakika haiishi, acheni kucheka.

Mandela mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka 1985, akiwa bado mfungwa. Mwaka 2001 akakutwa na saratani ya tezi hiyo hiyo, akapigwa mionzi, akaendelea kuishi hadi 2013, akafariki akiwa na miaka 95. Sijasikia kijiwe chochote kikisema Madiba alikuwa na gono.

Sasa sisi vijana tusijifiche nyuma ya wazee. Ukiwa na miaka 24, unakojoa moto na nguo ya ndani ina usaha, hiyo siyo uzee. Gono huwa inajitokeza ndani ya siku chache tu. Klamidia ni mjanja zaidi, inaweza kukaa kimya miezi huku unaigawa. Vidudu hivyo vinaweza kupanda hadi kwenye tezi na kuiwasha, ingawa hata bakteria wa kawaida wa tumboni wanaweza kufanya hivyo: homa, maumivu chini ya korodani, mkojo wa shida. Gono lisilotibiwa linaweza kuacha kovu ndani ya mrija, na miaka baadaye mkojo ukatoka kiuzi uzi kama wa yule mzee. Na ukikojoa damu, huenda ni kichocho ulichookota ukioga bwawani. Macho ya kijiwe hayawezi kuvitofautisha hivyo vyote.

Kuna mshikaji wangu yamemkuta haya. Badala ya kwenda kituoni, akanunua "rangi mbili" dukani, akameza sita, usaha ukapungua, akatangaza amepona. Wiki mbili mbele, mambo yale yale. Gono limeshazizoea dawa nyingi za zamani. Siku hizi kuna sindano na vidonge vyake, na mwenzako lazima atibiwe pia, la sivyo mnarudishiana kama mpira wa kona.

Hii siyo porojo. Mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994 watafiti walichukua jamii 12 za vijijini. Katika sita, zahanati ziliimarishwa zitibu vizuri magonjwa ya zinaa. Maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi huko yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40. Majibu yalitangazwa 1995, dunia nzima ikageuza shingo kutazama zahanati zetu.

Nilipokwenda kumwamkia yule mzee akaniambia, "Marahaba mwanangu. Waandikie wenzako, hii ni tezi." Mkewe alipelekewa majibu na shemeji yake, akaja siku moja kumwona, akampikia, akaondoka jioni. Mzee anasema ugali ulikuwa mzuri.

Mshikaji wangu naye ameshachoma sindano. Binti wake hajui lolote, na jamaa kila nikimuuliza ananiambia, "Nitamwambia kesho."