Pima gari mbele ya kumuita shofere mwizi

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi watadhani ni la garaji tu, kumbe linafika mpaka kwenye sufuria ya nyumba: gari iliyofungwa gesi na inayokula kupita kiasi. Maoni yangu ni haya. Patroni asimfukuze shofere juu ya mafuta kama gari haijapimwa. Kupima kunachukua siku moja au mbili, hakuombi mashini ya bei kali, na kunaonyesha kama shida iko katika gari, katika hesabu, au kweli katika mikono ya mtu.

Gari za gesi bado si nyingi kwetu. Nyingi zinatembea na esansi au mazuti. Lakini mazungumzo ya gesi yanapanda kila mara bei ya esansi inapopanda, na kuna wenye gari ambao tayari wamejaribu. Shofere mmoja alikuja kwenye redio kutafuta msaada. Jina lake sitataja. Alitoka Bukavu na familia yake kisha mji ule kuanguka mikononi mwa M23 mu Februari 2025, akapata hapa taksi ya mtu ya kuendesha. Kila jioni alipeleka versema. Gari ilikuwa imefungwa GPL, yaani gesi ya kimiminika, ile ya propani na butani ambayo mama zetu wanaijua jikoni. Patroni alikamata karatasi, akaandika: na esansi gari ilikunywa lita 10 kwa kilometa 100, na gesi inakunywa 13. Akauliza, lita 3 zinaenda wapi? Kesho yake shofere hakuwa na kazi.

Hesabu ile ilikuwa na kosa tangu mstari wa kwanza. Lita ya gesi haina nguvu sawa na lita ya esansi. Lita moja ya esansi inabeba nishati ya karibu megajuli 32, lita moja ya GPL karibu 25. Ni karibu robo inayokosekana. Kwa hiyo gari nzima, isiyo na ugonjwa wowote, itakunywa lita nyingi zaidi ikiwa kwenye gesi. Kama ilikunywa 10 za esansi, kukunywa 12 mpaka 13 za gesi ni kawaida. Ikifika 15 au 16, hapo ndipo tuanze kutafuta ugonjwa. Lita 3 za yule patroni hazikuibiwa na mtu. Ziko katika asili ya gesi yenyewe.

Mtego wa pili ni kilo. Gesi ya jikoni tunainunua kwa kilo, na watu wanachanganya kilo na lita kana kwamba ni kitu kimoja. Lita moja ya GPL ina uzito wa nusu kilo na kidogo. Maana yake kilo moja ni karibu lita 2. Lita 12 na nusu za gesi ni kama kilo 7 hivi. Mmoja akiandika kilo na mwenzake akisoma lita, wataonana wezi hata kama wote ni watu wa haki.

Mtego wa tatu ni tanki. Tanki ya GPL haijazwi mpaka juu. Inaachiwa nafasi ya gesi kupanuka wakati wa joto, na kifaa ndani yake kinafunga ikifika asilimia 80. Tanki iliyoandikwa lita 60 inapokea 48. Anayefikiri amejaza 60 na akaona gari imesimama mapema, atasema lita 12 zimepotea. Hazikuingia hata siku moja.

Njia nzuri ya kuhesabu ni franka kwa kilometa, si lita kwa kilometa. Chukua pesa zote ulizolipa, gawanya kwa kilometa ulizotembea. Na kama lita ya gesi inauzwa zaidi ya robo tatu ya bei ya lita ya esansi, ujue faida yako ni ndogo sana, au haipo kabisa, hata kama gari ni nzima. Hilo patroni alijue mbele ya kulipia vifaa, asilitafute kisha kwa shofere.

Sasa tupime. Jaza gesi mpaka pompi ijifunge yenyewe. Andika namba ya konteri. Tembea kilometa 100 au zaidi. Kwenda Likasi ni kama 120. Rudi kwenye pompi ile ile, jaza tena mpaka ijifunge, andika lita zilizoingia. Kisha fanya safari ile ile kwenye esansi, mzigo ule ule, mwendo ule ule. Patroni aketi kando ya shofere. Usipime gesi katika foleni za mjini na esansi kwenye barabara ya Likasi, halafu ukalinganisha. Kituo kila dakika tano, kupakia na kushusha, vinakula mafuta ya aina yoyote.

Majibu yatakuonyesha mahali pa kutafuta. Gari ikikula sana kwenye gesi na kwenye esansi pia, ugonjwa ni wa gari yenyewe, usiguse vifaa vya gesi. Ikiwa nzuri kwenye esansi na mbaya kwenye gesi, angalia upande wa gesi, au moto wa bujii. Na kama esansi inapunguka katika tanki wakati watu wote wanasema gari inatembea na gesi, usikimbilie kusema imenyonywa kwa mpira. Gari nyingi za GPL zinawaka kwanza na esansi, zinangoja maji ya injini yapate joto, ndipo zinahamia kwenye gesi. Asubuhi ya Juni na Julai, wakati baridi ya Lubumbashi inauma, kungoja kule ni kurefu. Shofere anayezima na kuwasha kwa safari fupi fupi anaweza kutumia esansi siku nzima bila kujua. Tena vifaa vingine, vikiona mkandamizo wa gesi umeanguka, vinarudi kwenye esansi vyenyewe.

Kwa fundi, ombi langu ni kuanza na vitu vya bei ndogo. Mipira ya magurudumu iwe na upepo unaoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Freni zisikamate: kisha safari, gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, freni yake haiachilii. Filitri ya hewa itolewe na iangaliwe. Vumbi nyekundu ya kiangazi chetu inaiziba upesi, na kwa vifaa vya zamani vinavyochanganya gesi na hewa kwenye mdomo wa injini, filitri iliyoziba inafanya gesi iwe nyingi kuliko hewa. Gari inakula, inakosa nguvu, na harufu inatoka nyuma.

Kisha bujii, nyaya zake na bobini. Gesi inaomba cheche yenye nguvu kuliko esansi. Bujii iliyochoka inaweza kujificha kwenye esansi, halafu kwenye gesi injini inarukaruka. Gesi isiyowaka inatoka nje kupitia bomba la moshi, na wewe umeilipia.

Kisha termostati. Hapa nasema wazi. Kuna mafundi wanaoitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Kwa gari ya gesi hiyo ni hasara mara mbili. Injini haipati joto lake, kwa hiyo inakaa muda mrefu kwenye esansi. Na detandere, kile kifaa kinachogeuza gesi ya maji kuwa gesi ya hewa, kinaishi kwa maji moto ya injini. Kikikosa joto, kinaganda, hata barafu nyeupe inaonekana juu yake, na mchanganyiko unaharibika. Radieta yenye maji kidogo inaleta shida ile ile.

Hivyo vyote vikiwa vizuri, ndipo filitri za gesi zibadilishwe, detandere ikaguliwe, enjekteri za gesi zisafishwe, na mpango wa kompyuta urekebishwe kwa skana. Sonda ya oksijeni iliyokufa inadanganya kompyuta, nayo inamwaga mafuta zaidi. Valvu pia zipimwe, kwa sababu kwenye injini nyingine gesi inakula viti vya valvu, nafasi yao inafungwa, na mkandamizo unapotea. Tena tusisahau kwamba Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko kule pwani, kwa hiyo gari iliyopangwa Dar es Salaam irudiwe kupimwa hapa.

Kwa kuwa nimetaja Dar es Salaam: ndugu wengi wanatumiana video za taksi na bajaji za kule zinazotumia gesi kwa bei ndogo. Hiyo ni gesi nyingine. Ni gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, inayosukumwa katika mitungi kwa mkandamizo wa bari 200. GPL yetu ya jikoni inakaa kimiminika kwa mkandamizo mdogo zaidi sana, mara nyingi chini ya bari 10. Vifaa vyake si vile vile, tanki si ile ile, bei haifanani. Atakayepanga biashara yake hapa kwa hesabu za kule atagombana na shofere wake kila wiki.

Na kuna jambo moja lisilo na mjadala. Kama gesi inavuja, tafuta kwa maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba. Pale povu linapopanda, ndipo inatoka. Usiwashe kiberiti hata siku moja. GPL ni nzito kuliko hewa. Haipandi kwenda zake, inashuka, inajaa kwenye shimo la garaji na chini ya viti, inangoja cheche. Na chupa ya jikoni haina kazi katika buti ya taksi. Tanki ya gari ina valvu za kuzuia kujaza kupita kiasi, za kupunguza mkandamizo na za kufunga bomba likikatika. Chupa ya jikoni haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Abiria wanne nyuma hawajui wameketi juu ya nini.

Najua patroni watanijibu. Watasema: wewe wa redio hujui mashofere, kuna wanaonyonya esansi na kuuza kwa kadhafi wa barabarani. Ni kweli, wapo. Patroni naye aliingiza pesa zake katika ile gari, labda akiba ya miaka mingi, na ana haki ya kuuliza. Lakini kipimo kinamlinda yeye pia. Gari ikipimwa mbele ya watu wawili na ikakunywa 12, halafu kazini inaonyesha 17 kila wiki, basi swali lake lina msingi, na shofere atakosa jibu. Bila kipimo, anaweza kufukuza watatu mmoja kisha mwingine, na termostati iliyotolewa itaendelea kula pesa zake na shofere wa nne.

Tofauti kati ya shofere wa hapa na yule aliyekimbia ni hii. Kijana wa Kenya au wa Katuba akisingiziwa, baba yake mdogo ataenda kuongea na patroni, jirani atasema namjua tangu utoto. Aliyekuja kutoka Bukavu, Goma, Pweto au Mitwaba hana mtu wa kumsimamia. Neno moja, mwizi, linamfuata kwenye kila parkingi, na mwenye nyumba anayemdai kodi analisikia pia. Ndiyo maana mtu wa namna hii anahitaji karatasi kuliko mwingine yeyote.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Patroni na shofere wawe na kaye moja ndani ya gari: tarehe, konteri, lita au kilo, franka, na sahihi za wote wawili. Garaji inayofunga gesi itoe karatasi ya matumizi ya gari mbele ya kazi na kisha kazi, kwenye gesi na kwenye esansi. Na wakubwa wa mashofere kwenye parkingi, pale ugomvi wa mafuta unapotokea, waseme kwanza: twende tukajaze, tutembee, tujaze tena.

Mama ambaye bwana wake anaendesha gari ya mtu, muulize jioni ya leo kama ile kaye iko. Kama haiko, anunue moja kesho asubuhi mbele ya kuwasha gari.