KADIRI FEDHA ZITAKAPOPATIKANA

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno ambalo najua halitawapendeza wenzangu wengi. Hata mimi mwenyewe halinipendezi, maana laniuma kama litakavyowauma wao. Neno lenyewe ni juu ya majibu ya barabara yatolewayo Bungeni Dodoma, na juu ya mikono iyaandikayo.

Asubuhi ya kikao, dua ikiisha kuombwa, huja wakati wa maswali. Mbunge husimama akauliza: barabara ya kutoka mahali fulani hata mahali fulani itajengwa lini kwa kiwango cha lami? Mheshimiwa Waziri, na mara nyingi Naibu wake, husimama akasoma karatasi. Karatasi husema kwamba Serikali yatambua umuhimu wa barabara hiyo. Kwamba upembuzi yakinifu na usanifu wa kina waendelea, au umekamilika. Na kwamba ujenzi utaanza kadiri fedha zitakapopatikana. Mbunge hushukuru kwa majibu mazuri, akaomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza, akajibiwa vile vile, akaketi.

Basi na tuambiane kweli, ndugu zangu makarani. Karatasi ile nani aliiandika? Waziri ameisoma tu. Swali hutoka kwa Katibu wa Bunge likafika wizarani, likashuka ngazi kwa ngazi, hata likatua juu ya meza ya mmoja wetu. Naye hufungua jalada la mwaka uliopita, akanakili, akabadili tarehe, akapeleka juu ili ipate sahihi. Magazeti humlaumu Waziri, nasi tumekaa kimya kama Pilato aliyekwisha kunawa.

Sisemi haya kwa kuwasingizia wengine. Miaka kadhaa iliyopita lilikuja mezani pangu swali la barabara ya kwetu nilikozaliwa. Naijua barabara ile, kona na daraja, maana niliipita kwa miguu nikienda shule ya misheni na sanduku langu kichwani. Hata hivyo niliandika maneno yale yale, nami nilisifiwa kwa mwandiko safi. Masika yaliyofuata shangazi yangu alifariki. Nikasafiri kwenda maziko, na basi likazama mahali ambapo kalavati lilikuwa limezibwa na takataka tangu zamani, maji yakaifanya barabara kuwa mto wake. Tulilala pale. Usiku, mzee mmoja mwenye redio yake ndogo akawaambia abiria, kwa sauti ya kuigiza Bungeni: "Mtavuka kadiri fedha zitakapopatikana." Wote wakacheka sana. Mimi sikucheka, wala sikuwaambia kazi yangu. Nilifika shangazi amekwisha kuzikwa.

Angalieni sasa jambo lenyewe. Kalavati lile halikudai upembuzi yakinifu. Lilidai watu wanne na majembe kabla ya mvua. Barabara ya udongo huuawa na maji kuliko magurudumu: mgongo wake ukiisha kulainika, maji hayashuki tena mifereji ya kandoni, husimama katikati, na gari la kwanza hulifanya dimbwi kuwa shimo. Lakini maswali yetu na majibu yetu yote ni lami, lami. Habari ya kuzibua mitaro haipigiwi makofi, wala hakuna utepe wa kukatwa mtaro ukiisha kuzibuliwa. Na juu ya malori yazidishayo mizigo sitasema mengi, ila wahandisi walipima huko Illinois, Marekani, mwaka 1958 hata 1960, wakaona kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kwa kadiri ya mara kumi na sita. Mwenye kufumba macho penye mizani na aikumbuke hesabu hiyo.

Tena hayo maneno "fedha zitakapopatikana" yanachukuliwa kana kwamba fedha ni mvua, ambayo mtu hungojea mawingu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1998 tunao Mfuko wa Barabara, uliowekwa hasa kwa ajili ya matengenezo, nao hujazwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, wananchi wakaambiwa kwamba ni kwa barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo mwenye bodaboda wa kijiji changu amekwisha kulipa. Sidai kwamba fedha hizo zatosha. Hazitoshi, na mwenye akili hawezi kumlaumu Waziri kwa kukosa kisichokuwapo. Lakini aliyelipa yampasa kuambiwa: mwaka huu kimepatikana kiasi hiki, kimekwenda barabara ile kwanza kwa sababu hii, na ya kwenu ni ya nne katika orodha. Hilo ni jibu, hata likiwa chungu.

Uko na ujanja mwingine. Barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa TANROADS tangu mwaka 2000. Za wilaya, vijijini na mitaani zimo mikononi mwa TARURA tangu mwaka 2017, chini ya TAMISEMI. Mpango huo si mbaya. Ila mara ngapi tumemwandikia mkubwa wetu kwamba barabara iulizwayo "haimo katika mtandao unaosimamiwa na Wizara hii", tukaona tumeshinda? Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, Waziri wa Ujenzi alikwenda mwenyewe, na wahandisi wakashinda na kukesha hata magari yakapita. Kumbe yawezekana! Lakini barabara ile ni kuu, na ya shangazi yangu haina jina.

Najua watakaonijibu. Watasema karani ni mkono tu, kichwa ki juu. Nami nawauliza: tangu lini mkono ukakatazwa kumwuliza mhandisi wa wilaya, kabla ya kuandika, ni makalavati mangapi yamezibuliwa? Ni nani aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuweka tarakimu ndani ya rasimu? Mkubwa akizifuta, na azifute kwa kalamu yake, nasi tubaki na nakala katika jalada.

Namwomba Mwandishi wa Chama alitie jambo hili katika shauri la mkutano ujao, tuafikiane kwamba hakuna mwanachama atakayepeleka juu rasimu ya jibu la barabara isiyo na kilomita, kiasi cha fedha kilichotengwa, na mwezi wa kazi kuanza. Na kama mwezi haujulikani, iandikwe kwamba haujulikani. Mimi nalo swali moja mezani sasa, latoka upande wa kusini. Nimekwisha kumpigia mhandisi simu mara mbili. Kesho nitampigia tena.

Mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA MAJALADA