Ni Mbwa Tu?

Leo sikuja kuwahubiria juu ya dawa za kulevya wala simu za kuficha bwenini. Hayo wenzangu wameyaandika kurasa zilizotangulia. Swali langu mimi ni moja: dereva akimgonga mnyama barabarani, je, ana deni lolote, au ni kukanyaga moto tu na kuendelea?

Asubuhi moja muhula uliopita nilikuwa ndani ya matatu, tunatoka Uthiru tukielekea Kawangware kwa Barabara ya Naivasha. Ilikuwa kama saa kumi na moja u nusu, kiza bado hakijaondoka vizuri, na dereva wetu alikuwa akikimbizana na mwenzake. Mara tukasikia kishindo. Gari likayumba kidogo, likaendelea na safari. Nyuma yetu mbwa akawa analia kilio ambacho sina neno la kukieleza.

Mama mmoja akauliza, "Dere, si usimame?"

Makanga akamjibu, "Mathe, ni mbwa tu! Tukisimama hao wa nyuma watatubebea watu wote, na mwenye gari anangoja hesabu yake."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nisije nikaonekana mshamba.

Jioni nikirudi nyumbani nikamkuta mahali pale mzee mmoja anayelinda maduka ya hapo usiku. Namfahamu tangu nikiwa shule ya msingi. Silaha zake ni rungu na tochi, na masikio yake, kama alivyozoea kusema mwenyewe, yalikuwa ni yule mbwa. Alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, bakuli la mbwa liko miguuni pake, tupu.

"Kijana wangu," akaniambia, "wewe hupita hapa alfajiri. Hukuiona gari iliyomgonga? Amekufa saa nne. Saa nne, tangu alfajiri!"

Namba ya gari ile naijua kwa moyo, kwani ndiyo niliyokuwa nikipanda karibu kila siku. Nikasema, "La, Guka, sikuiona."

Sasa, wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu, mambo ya watu wa Karen ambao mbwa wao hula nyama kuliko sisi. Hebu tuitazame sheria yetu wenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, yamtaka dereva asimame pindi gari lake linapohusika katika ajali iliyomdhuru mtu, gari, jengo au mnyama. Mnyama ametajwa mle waziwazi. Tena dereva anatakiwa atoe jina na anwani yake kwa mwenye haki ya kuuliza. Ikiwa yule mzee wa rungu hana haki ya kuuliza, ni nani aliye nayo? Kuna pia Sura ya 360 inayokataza ukatili kwa wanyama. Huko Uingereza nako sheria yao ya 1988 yawataja farasi, ng'ombe, punda, nyumbu wa kufugwa, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo! Sijui paka aliwakosea nini.

Siwaonei madereva. Wenye mifugo nao wana lawama zao. Nani kati yetu hajaona ng'ombe kando ya Barabara ya Ngong au Lang'ata wakati wa ukame, kama ule wa 2009 na wa 2017, wafugaji walipowaleta mpaka mjini kutafuta majani? Dereva anayekutana na ng'ombe usiku bila taa yoyote ana haki ya kulalamika. Mbuzi wa Dagoretti nao hujiona wamenunua barabara. Hata katikati ya jiji, vijana wanaolala nje huwa na mbwa wao, na huvuka nao barabara wakati magari yamechachamaa. Nayo barabara ya Southern Bypass imepita kando ya mbuga ya Nairobi na ndani ya msitu wa Ngong Road, kwa hiyo anayeipita usiku ajue kwamba fisi hasomi alama za barabarani.

Tena simwambii dereva akwepe mbwa kwa kuliingiza gari lililojaa watu mtaroni. La hasha! Uhai wa abiria ni wa kwanza. Lakini kukwepa ni jambo jingine na kusimama baadaye ni jingine. Sheria yasema kilomita 50 kwa saa mjini. Sisi tulikuwa tunaruka tu. Angekuwa mtoto anayekwenda shule, breki zingekuwa zilezile.

Na kusimama si kazi kubwa. Washa taa za tahadhari, egesha pembeni, uliza mwenye mnyama ni nani. Kama yu hai usimshike kwa mikono mitupu, maana mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake, na kichaa cha mbwa hakijatutoka Kenya. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha ukimbie hospitali ukadungwe chanjo. KSPCA, chama kinachotetea wanyama, kina makao yake huko Karen na kinaweza kupigiwa simu. Zote hizo ni dakika kumi. Makanga wetu hupoteza zaidi ya hizo akiitaabisha stesheni nzima kwa kuita abiria mmoja wa mwisho.

Na sisi abiria je? Mama yule alizungumza peke yake. Laiti watu watatu tu wangemuunga mkono, naamini dereva angesimama, kwa sababu nauli ni yetu. Badala yake kumi na watatu tulicheka.

Mzee bado analinda maduka yale. Siku hizi ana mbwa mwingine, mdogo, amemfunga kwa kamba ya manila asifike barabarani. Mimi nimeacha kuipanda gari ile, ingawa huiona ikipita kila asubuhi. Kuhusu namba yake, Guka hajaniuliza tena, nami sijamwambia. Toleo hili likitoka nitampelekea nakala moja, nimsomee mwenyewe.