Usione Haya Mbele ya Keshia

Mtazame mnunuzi wetu akiwa sokoni Kongowea au Kariakoo. Anatajiwa bei ya fungu la nyanya, anaguna, anapiga hatua mbili kama mtu anayekwenda zake, anaitwa, anarudi, anataja bei yake, wanavutana, mwisho wanaelewana. Na nyanya zikishaingia kikapuni bado anadai nyongeza, naye anapewa. Hapana anayemwita bahili. Anayelipa bei ya kwanza bila neno ndiye atakayechekwa akishageuka kona.

Sasa mfuate mtu huyo huyo hadi supamaketi. Mfukoni ana kuponi ya kumpunguzia shilingi hamsini kwenye sabuni ya unga, kaikata gazetini kwa mkono wake. Lakini nyuma yake pana foleni, keshia anaonekana ana haraka, na katika foleni yumo jirani mwenye gari. Basi kuponi inabaki mfukoni, itakuja kufuliwa pamoja na suruali. Hodari wa sokoni amelipa bei ya kwanza bila neno, na juu ya hayo kasema ahsante.

Haya ya namna hii, ndugu msomaji, haina msingi.

Kuponi si sadaka. Ni kule kupatana bei tunakokujua, kumehamia kwenye karatasi. Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta akaomba, na mwenye duka akampimia huku wakizungumza. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo mteja alichukua kikapu akajiokotea mwenyewe rafuni, kila kitu kimekwisha bandikwa bei. Urahisi ulikuwa mkubwa na mtindo ukaenea duniani. Kilichopotea ni mtu wa kuvutana naye. Keshia hana ruhusa ya kupunguza hata senti, na rafu haina masikio.

Ila mwenye mali hakusahau jambo analolijua kila mchuuzi wa Kongowea, kwamba wanunuzi hawalingani. Yuko atakayelipa mia bila kuuliza, na yuko atakayeondoka asipopata kwa themanini. Bei ikishushwa kwa wote, ishirini za yule wa kwanza zimepotea. Isiposhushwa, yule wa pili kaenda zake. Sokoni mambo haya humalizwa kwa mdomo, kila mtu akaondoka na bei yake. Supamaketini humalizwa kwa kuponi. Anayejisumbua kuikata, kuihifadhi na kuikumbuka tarehe yake ya mwisho amekwisha mwambia mwenye mali kwamba bei ile imemlemea. Asiyejisumbua amesema hana neno. Kwa hiyo unapoificha kwa kumwonea haya jirani, hujaonekana tajiri. Umejiandikisha kwa hiari yako miongoni mwa watakaolipa mia.

Wapo pia wanaomhurumia keshia, wakidhani wanamtia hasara. Huko Marekani, kuponi zilikokomaa, nyingi hutolewa na mtengenezaji wa bidhaa. Duka linakupunguzia, tuseme, senti hamsini, linazikusanya karatasi, zinapelekwa kuhesabiwa, kisha mtengenezaji analirudishia duka fedha zote pamoja na senti chache za usumbufu. Keshia hapotezi kitu, na duka halipotezi kitu. Mtengenezaji naye alikwisha piga hesabu zake kabla hujazaliwa: Asa Candler, aliyeikuza Coca-Cola mjini Atlanta, alikuwa akigawa tiketi za gilasi ya bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati gilasi moja iliuzwa senti 5. Hakuwa mtu wa kutupa fedha. Alijua aliyeonja atarudi.

Nataka nikae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu wachumi hupenda kukicheka na mimi sikicheki. Mwaka 1996 kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni ya Tide na nepi za Pampers, ilijaribu kuzifuta kuponi zake katika miji kadhaa ya jimbo la New York, ikiwemo Buffalo na Rochester. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kuponi nyingi mno huishia jalalani, kuzichapa na kuzisambaza kuna gharama, basi afadhali zifutwe na bei ishushwe kwa kila mtu. Watu wakakataa. Waliandika barua, wakaandamana, wakasusia bidhaa, na mwaka 1997 jaribio likavunjwa kabla ya muda wake. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye alikuwa akichunguza kama makampuni yamekula njama, na shauri likamalizwa kwa dola milioni 4.2.

Je, wanunuzi wale hawakujua hesabu? Nadhani waliijua sana. Bei iliyoshushwa kwa wote yaweza kupandishwa tena kimyakimya Jumatatu yoyote. Kuponi iliyo mkononi ni ahadi ya maandishi, ina kiasi na ina tarehe.

Lakini ukikubali kwamba hapa pana mapatano ya bei, kubali pia kanuni za mpatanaji. Mpatanaji mzuri huenda sokoni akijua anachokitaka, anaijua bei ya jana, na yuko tayari kuondoka. Kanuni hizi tatu ndizo tunazoziacha mlangoni tukishaliona neno OFA kwa herufi nyekundu. Nunua viwili upate cha tatu! Cha tatu cha nini, nawe ulikuja kutafuta kimoja? Kuponi ya kukupunguzia shilingi hamsini kwenye kitu cha mia tatu ambacho hukukihitaji imekugharimu mia mbili na hamsini. Marekani waliwahi kuonyesha kipindi cha televisheni cha watu waliobobea katika kuponi, na humo ukiona gereji imejaa haradali utadhani nyumba inajiandaa kwa vita. Huo ni ugonjwa mwingine.

Basi orodha iandikwe nyumbani, kwanza, na kuponi zije baadaye kuulizwa kama zina la kusema juu ya orodha hiyo. Na bei ziandikwe, hata katika daftari la mtoto la hesabu. Duka halisahau. Tangu miaka ya 1980 maduka ya Marekani yana mashine kwenye kaunta inayokutolea kuponi kulingana na ulichonunua dakika ile. Umenunua nepi za kampuni hii, inakupa karatasi ya kukuvuta kwa kampuni ile. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kadi ya pointi iliyofungwa kwenye namba yako ya simu. Mwenye duka anakijua kikapu chako cha miezi kumi na mbili, nawe huikumbuki bei ya sukari ya wiki iliyopita. Tena risiti isomwe hapo hapo kabla ya kutoka: punguzo lililobandikwa rafuni mara nyingine mashine ya kaunta haijaambiwa habari zake.

Kuna swali ambalo mnunuzi mwenye dhamiri ataliuliza: punguzo linatoka mfukoni mwa nani? Sokoni unamwona mama wa nyanya usoni, unajua pa kukoma. Supamaketini humwoni mtu. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, ilitumia vibaya nguvu zake kwa msambazaji mdogo wa mtindi, pamoja na mambo mengine kwa kumdai makato na bidhaa za bure. Desemba 2023, kwa malalamiko ya wasambazaji wengine, wa asali na wa mafuta ya kupikia, mamlaka hiyo hiyo ikaitoza faini ya shilingi bilioni 1.1. Sikuambii uisuse ofa kwa ajili hiyo. Nakuambia kama kuna wa kuona haya pale kaunta, si wewe mwenye kuponi.

Limebaki la pointi, na hapa nasema kwa ukali, kwa sababu watu huzitunza kama akiba ya benki. Pointi ni punguzo ambalo duka limekuahidi na bado halijakupa. Hazina riba, na hazina mdhamini. Nakumatt lilikuwa duka la kujivunia, na kadi zake zilijaa katika pochi za Nairobi na Mombasa. Mwaka 2020 wadai wake walipiga kura lifilisiwe, benki na wasambazaji wakidai mabilioni. Katika foleni ile, mwenye pointi za kununulia birika alisimama wapi? Kila mwisho wa mwezi, basi, muulize keshia una pointi ngapi, uulize kwa sauti hata foleni ikusikie, na uzigeuze sukari.