Mrekodini Bibi Akiwa Bado Anaimba
Bi Kidude wa Zanzibar alifariki tarehe 17 Aprili 2013, lakini wapenzi wake bado wanamsikia, kwa sababu alirekodiwa hata uzeeni. Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, tayari ni bibi kizee.

Mikindani tunao bibi waliokuwa wasichana wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, ng'ambo ya Ruvuma. Nyimbo zao nyingi zimo vichwani tu.

Mzazi, simu uliyoshika inarekodi sauti. Mkalishe mjukuu karibu, mwombe bibi aimbe. Mzee anayesahau majina mara nyingi hukumbuka nyimbo za ujana wake, na kuimba humtuliza. Usahaulifu ukizidi, mpelekeni kituo cha afya. Msiseme ni uzee tu.