"Kila Mtu Anasema" Siyo Ushahidi, Wana Simiyu!

Ubuyu wa leo upo, ila una mbegu ngumu. Mtautafuna taratibu.

Kuna dada mmoja hapa Bariadi mjini, jina kapuni. Anauza nguo za mtumba. Alianza na turubai chini, akahamia kwenye fremu, na juzikati kavuta kagari. Basi, likawa kosa! Mtu kapiga picha lile gari, kaitupia kwenye grupu la WhatsApp na maneno manne tu: "Mwulizeni hela kapata wapi." Hajasema mchawi, hajasema freemason. Kauliza tu, eti.

Kufika jioni, mtoto wa dada yake alishatolewa kafara (mtoto mwenyewe yupo Maswa, anasoma darasa la tano, mzima wa afya). Mganga kapatikana, tena wa Gamboshi. Kila anayeingia anaongeza chumvi. Halafu mmoja akaandika: "Mama yake macho yake mmeyaona lakini?" Hiyo ndiyo iliyozoa laiki na vikatuni vya kucheka kuliko zote.

Hapo ndipo utani ulipoisha, maana sisi ni watu wa huku na tunajua hilo swali lina maana gani. Usukumani kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Bibi kapika maisha yake yote kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya kajumba kasikopitisha hewa. Moshi umemla macho. Kijiji kikaangalia yale macho, kikasema mchawi huyo. Na mara nyingi haikuanza na panga. Ilianza na mtu mmoja kuuliza swali, wa pili akaitikia, wa tatu akakumbuka ng'ombe wake aliyekufa mwaka juzi. Mpaka panga linafika, kila mtu "alikuwa anajua".

Sasa nyie wa mjini, wenye simu za kioo na diploma, mmefanya hatua ya kwanza ileile, halafu mnaiita kuchangamsha grupu.

Najua mtakavyojitetea. Wa kwanza atasema: "Mimi siendeshwi na mtu, nina akili zangu." Sawa. Mwaka 1951 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio dogo sana. Unawekwa kwenye chumba na watu wengine kadhaa, unaonyeshwa mistari, unaulizwa upi unalingana na huu. Jibu lipo wazi, hata mtoto anaona. Ila wale wenzako wote wamepangwa, na kuna raundi wanajibu kwa makusudi jibu la uongo, mmoja baada ya mwingine, halafu inafika zamu yako. Kwenye raundi hizo, kama theluthi moja ya majibu ya waliojaribiwa yalifuata kundi. Watu watatu kati ya wanne walifuata uongo angalau mara moja. Huo ni mstari tu kwenye karatasi, hakuna hela wala ugomvi. Je, kuhusu gari la mwenzako ambaye ulishamwonea wivu kabla hata ya ile posti?

Sosholojia inaanzia hapo. Ni elimu ya kuangalia watu wakiwa pamoja, siyo mmojammoja. Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1895 kwamba umati unaweza kukubeba kwa hisia ambazo ukishabaki peke yako unashtuka, unajiuliza hivi kweli ni mimi? Kila mtu kwenye lile grupu, mchukue peke yake, mkalishe pale stendi na soda, muulize kama kweli yule dada kaua mtoto. Atakwambia hapana, jamani, ulikuwa utani. Ila grupu lilishasema ndiyo.

Wa pili atasema: "Mimi sijaandika kitu, nimelaiki tu." Ndugu yangu, wewe ni Msukuma au unajifanya? Mbina za Bagika na Bagalu zinashindanishwaje? Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Sasa angalia watu wanavyokimbia. Nusu yao hawajaona kinachochezwa upande wa pili, wameona tu wenzao wanakimbia, na wao haooo! Hakuna aliyepiga kura, lakini miguu yao ndiyo iliyotoa ushindi. Laiki yako ndiyo hiyo miguu. Ile komenti kuhusu macho ya mama isingekaa juu pale kama watu "waliolaiki tu" wangepita zao.

Wa tatu, huyu ndiye kiboko, atasema: "Lisemwalo lipo." Haya, tuongee Gamboshi. Ukiwa Dar, ukisema umetoka Bariadi, mtu ambaye hajawahi kuvuka Shinyanga anakuapia kwamba Gamboshi usiku inawaka taa kama Ulaya, kwamba ndege za ungo zinatua pale. Nchi nzima inasema! Sisi tunajua Gamboshi ni kijiji, kuna watu wanalima, wanafuga, watoto wanakwenda shule. Inatuuma tukichekwa hivyo. Wengine wanaficha hata kwao ni wapi. Kumbe linalosemwa na nchi nzima linaweza kuwa uongo mtupu likiwa linatuhusu sisi, ila linalosemwa na grupu la watu mia mbili kuhusu dada wa mtumba ndiyo kweli? Tuache unafiki.

Na msinielewe vibaya, simaanishi kundi ni baya. Huku tumekuzwa na makundi. Shamba la mtu mmoja wanalilima wengi kwa ngoma ya bugobogobo, jembe linapanda na kushuka pamoja, kazi ya wiki inaisha siku moja. Sungusungu wa mwanzoni mwa miaka ya 80 walianza kwa sababu wezi wa ng'ombe walikuwa wametuchosha, na wezi waliwaogopa kuliko askari. Lakini sungusungu haohao, mahali pengine, waliwapiga watu kwa tuhuma tu. Majembe ni yaleyale, filimbi ni ileile. Kundi lina nguvu, ila peke yake halijui linakwenda wapi. Lazima awepo wa kuuliza.

Na hapa kuna habari njema kwenye lile jaribio la Asch ambayo wengi hawaisimulii. Alipoweka kwenye chumba mtu mmoja tu wa kusema jibu la kweli kabla yako, waliofuata uongo walipungua sana. Mmoja tu! Halihitaji kundi lingine la kupigana na la kwanza. Linahitaji mtu mmoja aandike: "Subirini, nani kaona?"

Kwenye lile grupu la watu mia mbili na ushee hakuna aliyeandika hivyo. Admini alikuwepo, alikuwa anacheka. Wamo na waliowahi kununua gauni la sherehe kwa mkopo kwa dada huyohuyo. Kimya. Sasa hivi wateja wanampita dukani wakiangalia chini, na mama yake mzee kule kijijini analala kwa ndugu, kwake anapaogopa. Kama kuna mtu anaona hilo ni dogo, basi hajakulia huku.

Wengine watakumbushana kwamba ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kweli inagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Lakini polisi watafika baada ya jambo. Wewe upo mle ndani kabla ya jambo, simu iko mkononi, bando unalo.

Kwa hiyo wale mliomo, mnajijua. Rudini mle leo, mmoja aandike kwamba mtoto yupo Maswa na gari limenunuliwa kwa mtumba. Admini, ile komenti ya macho ifute. Na wewe uliyeiandika, kesho asubuhi nenda kamwamkie yule bibi, "mwangaluka mayu," umwangalie hayo macho kwa karibu.

Uwanja wa komenti ni wenu. Ila anayeanza na "lisemwalo lipo" aanze na la kwao.