Tundu Dogo Ubavuni mwa Kamera

JICHO LA MTAA
Na Mwanaisha Kombo

Mpwa wangu alinijia juzi na laki sita alizodunduliza. “Shikamoo shangazi. Nataka kamera ya kupiga picha za harusi na kurekodi video. Nimeona moja Kariakoo, mpya, megapikseli 24.” Nikamwuliza kama ubavuni ina tundu la maikrofoni. Hakuwa ameangalia.

Swali hilo nimelipata kwa uchungu. Miaka sita iliyopita nilimrekodi bibi yangu uani kwake Pangani, akiwataja wazee wetu mmoja mmoja mpaka yule aliyeshuka kwanza kutoka jahazini. Sura imetoka safi, hata miyaa ya ukili aliokuwa akisuka unaweza kuihesabu. Sauti imemezwa na upepo wa bahari. Kamera ile haikuwa na pa kuchomeka maikrofoni, na ile ya ndani hudaka chochote kilicho karibu, hata mlio wa lenzi ikitafuta fokasi. Bibi hayupo tena. Majina matatu hatujayasikia hadi leo.

Ndiyo maana megapikseli 24 hazinibabaishi. Fremu moja ya video ya 1080p ina megapikseli 2 tu na ushei. Wala upya si dhamana: Nikon D3300 ya mwaka 2014 ina tundu, D3400 iliyoifuata mwaka 2016 haina. Canon 2000D ya mwaka 2018 haina, na kioo chake hakigeuki. Lakini Canon 700D ya mwaka 2013, yenye megapikseli 18, inavyo vyote viwili, tena hutafuta fokasi yenyewe wakati wa kurekodi, japo polepole. Hiyo ndiyo niliyomwambia aisake, iliyotumika, na chenji inunue maikrofoni ya kubana kwenye nguo.

Wenzake wanamsukumia 4K. Canon M50 inayo, ila ukiiwasha hiyo 4K picha inakatwa pembeni na fokasi yake nzuri inazimika. Kwenye sebule zetu utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bibi harusi bado hajaenea.

Kabla ya kutoa pesa achomeke maikrofoni palepale dukani, arekodi, kisha asikilize yote, asiridhike na kutazama tu. Na akishainunua aiweke kwenye mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50; kamera ikiachwa kwenye fremu 30 na shata 1/60, taa za ukumbini huweza kupepesa video nzima, na hakuna fundi wa kuhariri atakayeiponya vizuri.

Ameipata, na tundu linafanya kazi. Harusi ya kwanza ni mwezi ujao, lakini nimemwomba Jumamosi hii twende kwanza Pangani. Mdogo wake bibi bado yupo, na yale majina matatu anayajua.